Mtani Wetu wa Kibali cha Muda

Haya ninayoyasimulia ni ya kweli yote, isipokuwa pale patakaponoga sana. Hapo jueni nimeongeza chumvi, maana maisha ya Alfani yenyewe hayana chumvi. Ni maisha ya mtu aliyechoka.

Alfani ni mpangaji wangu hapa Msambweni, chumba cha uani, kile chenye dirisha linaloangalia mkorosho. Ni Mzigua wa Pangani, upande wa Tanzania, mtu mrefu aliyeinama mabega kwa sababu kazi yake ni ya kuinama. Anatengeneza miguu. Si miguu ya meza, miguu ya watu. Aliyekatwa mguu kwa ajali au kwa sukari anakwenda kwake, naye anakipaka kile kigutu kilichobaki plasta nyeupe, anapata umbo lake, anaoka plastiki jikoni mwake kama mtu anayechoma mkate wa sinia, halafu anakaa na tupa anasugua, anasugua, mpaka kigutu kiingie kwenye mguu mpya bila kulia. Alisomea kazi hiyo miaka mingi, na ana vyeti vyake. Mimi kusoma sikusoma, lakini nimeviona, vina mihuri mikubwa kama visosi.

Siku aliyohamia alikuja na begi moja na godoro jipya la Ukunda, godoro likiwa bado ndani ya nailoni yake. Nikamwambia, "Baba, toa hiyo nailoni. Kwa joto letu hili utajioka kama samaki wa kupaka."

Akasema, "Bi Mishi, mimi ni mtu wa muda. Siku ya kuondoka nataka nilibebe likiwa safi."

Basi akalala juu ya nailoni. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Ukuta wa chumba chake na changu ni mmoja, na usiku akijigeuza nasikia kwaru, kwaru, kwaru. Begi lake lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Shati analitoa begini, anavaa, anafua, analirudisha begini. Nilimwambia nimnunulie kabati la mtumba, akasema asante, akabadilisha mazungumzo.

Mambo ya muda wake nilielezwa na Warda. Warda ndiye mwenye kituo cha viungo kilichoko kando ya barabara ya Lunga Lunga. Ni binti wa marehemu jirani yangu, alisomea kunyoosha watu viungo, akaifanya nyumba ya babake kuwa kituo. Aliniambia nchi zetu hizi za Afrika Mashariki zilikaa kitako zikapatana juu ya biashara: bidhaa zivuke mpaka, na watu wenye ujuzi wavuke pia wakafanye kazi upande wa pili. Lakini wavuke kwa kibali, na kibali kina mwisho. Kikiisha, unaomba upya.

"Kumbe ni kama maziwa ya pakiti," nikasema. "Yana tarehe."

"Ndiyo, Bibi. Ila haya yakifika tarehe unaandika barua kuomba yasichache."

Mimi jambo la mpaka linanichekesha. Mimi mwenyewe nilizaliwa upande ule. Asubuhi moja, nikiwa msichana, mama alinituma kwa shangazi huku nikaazime ungo. Nimeshafika, nimeshika ungo mkononi, nageuka nirudi, nakuta wazungu na kamba zao wameshapiga mpaka nyuma yangu. Wakaniambia, "Simama hapo hapo." Nikasimama. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Ungo wa shangazi ninao mpaka leo, na mama sijui alipepeta mchele na nini. Ukiona hesabu ya umri wangu haikubali hilo, basi kosa ni la hesabu.

Lakini Alfani hakusahauliwa na mpaka kama mimi. Yeye mpaka ulikuwa unamkumbuka kila baada ya miaka miwili.

Na sisi tulikuwa tunamhitaji. Kabla yake, mtu wa huku akikatwa mguu alihangaika mpaka Mombasa, au alikaa barazani akahesabu kuku. Tena mguu wa bandia si kiatu, kwamba ukinunua umemaliza. Kigutu hukonda, mguu unalegea. Kigutu huvimba, mguu unabana. Mtoto hukua. Kila siku kuna mtu benchini kwa Warda ana neno na mguu wake, na mwenye kulijibu neno hilo ni mmoja tu.

Mfano ni Mzee Tsofa. Tsofa alikuwa mgema, mtu wa kukwea minazi tangu alfajiri, mpaka sukari ilipomla mguu wa kulia kwa kidonda kisichozidi punje ya hindi. Alikaa chini miaka, akawa mkali kama pilipili. Alfani akamtengenezea mguu. Mguu ule ulitoka mzuri kupita kiasi. Ulipokuwa mpya, Tsofa alialikwa harusi Mwabungo, akala pilau, akavua mguu apumzike, akalala. Ngoma ilipopigwa, mguu ukainuka peke yake ukaingia uwanjani. Ulicheza mpaka wanawake wakautunza pesa. Asubuhi Tsofa aliukuta mlangoni kwake una vumbi mpaka gotini na hautaki kuamshwa. Msiponiamini muulizeni mguu.

Sasa, Tsofa ni Mdigo kama mimi, na Alfani ni Mzigua. Wadigo na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, na utani wetu ndio ulioleta balaa, kwa hiyo ni lazima niueleze. Mtani wako anaweza kukutukana msibani huku maiti iko ndani, na hukasiriki. Anaweza kuchukua kuku wako, na huulizi. Anaweza kukuita mtumwa wake. Wewe kazi yako ni moja: usikanushe. Ukikanusha umeshindwa. Unakubali, unaongeza, mpaka yeye acheke kwanza.

Kwa hiyo kila asubuhi mimi nikifagia uani nilimwambia Alfani, "Shikamoo hutoi, mtumwa wangu? Nitakuuza Samburu kwa wenye mbuzi."

Naye akipita na ndoo ya maji, "Shikamoo, bwana wangu. Niuze, lakini useme ukweli kwamba meno yangu mawili ni mabovu."

"Marahaba. Nitafunga mdomo wako kwa kitambaa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu. Mtu aliye mbali na kwao, akitukanwa vizuri asubuhi, siku inakwenda.

Kibali chake kilipokaribia mwisho safari hii, Warda alipeleka maombi ya kuhuisha mapema, na vyeti, na barua. Akaambiwa afisa wa uhamiaji atakuja kukagua, aone kama kweli mtu huyo yupo na kama kweli anafanya ile kazi. Ni jambo la kawaida, Warda akasema. Maafisa walishakuja tena huko nyuma.

Siku ya ukaguzi nilikuwepo, nimewapelekea mihogo ya nazi. Afisa aliitwa Mwongeli, binti wa Kikamba kutoka bara, amevaa vizuri, viatu vimejaa vumbi letu. Alikuwa ameanzia Diani kwenye mahoteli, na uso wake ulionyesha ameshadanganywa vya kutosha kwa siku moja. Warda alimpokea, akampa kiti, mara simu ikalia ya hospitali, Warda akatoka nje kuipokea.

"Habari zenu," afisa akasema.

Tsofa akanikonyeza. Mtoto yule, na shikamoo hana. Tsofa alikuwa amekaa kitandani, mguu wa plastiki umevuliwa na umelazwa kando yake kama mtoto mchanga. Alfani alikuwa ameinama chini ya dirisha anapiga tupa.

"Mzee," afisa akamwambia Tsofa, "huyu bwana unamjua?"

"Kumjua? Nammiliki."

Afisa akainua macho. "Umesema nini?"

"Ni mtumwa wetu huyu. Babu yangu alimtoa babu yake Pangani kwa kikapu cha mihogo, na mihogo yenyewe ilikuwa imelala siku nyingi. Hana kwao. Kwao ni kwangu."

"Na hapa anafanya kazi gani?"

"Kazi? Kulala. Mguu huu nimeuchonga mwenyewe kwa panga."

Afisa akamgeukia Alfani. "Bwana, unasikia anayosema mzee?"

Hapo ndipo mtu wa kawaida angesema, dada, tunataniana. Lakini Alfani alikuwa hakulala vizuri, nilimsikia, kwaru kwaru mpaka alfajiri, na mdomo uliochoka hujibu kwa mazoea. Hakuinua hata kichwa.

"Kweli kabisa, bwana wangu," akasema. "Kwetu sina. Hata vile vyeti niliviokota njiani, nikafungia andazi."

Tukaangua kicheko. Mimi sikuongeza neno, na si kwa busara, kinywa kilikuwa kimejaa mhogo. Tulicheka mpaka Tsofa akashika mbavu. Tulipofuta machozi tukaona afisa anaandika. Aliandika taratibu, akafunga kalamu, akasimama. Warda aliporudi ndani alikuta mgeni wake yuko mlangoni.

"Tutawasiliana," afisa akasema.

Waliwasiliana. Warda alikuja kwangu na barua, hijabu imemwendea upande. "Bibi, tumeua mtu. Maombi yamesimamishwa. Wanasema shahidi amesema Alfani si fundi, na Alfani mwenyewe amekubali. Wanasema amekiri kwamba hana kwao, na kibali hiki ni cha mtu wa muda, mwenye pa kurudi. Na mimi," hapo akaitikisa ile barua, "mimi naulizwa kama kituoni kwangu kuna mtu anayewekwa kwa nguvu. Yaani naulizwa kama nafuga mtumwa!"

Nikataka kucheka, nikashindwa.

Mpaka aitwe kujieleza, Alfani alikatazwa kushika kazi. Hizo zilikuwa siku ndefu. Watu walikuja kama kawaida, hawakuwa na habari. Alikuja mama mmoja wa Shimoni, mguu unambana, ameteremka garini analia. Alikuja kijana wa kufua mashuka kwenye hoteli moja Diani, amejaza matambara ndani ya mguu ili usichomoke, na akitembea unasikia chwa, chwa. Wote walimkuta fundi amekaa benchini pamoja nao, mikono katikati ya magoti.

"Fundi, niguse hapa tu, padogo."

"Siruhusiwi, mama."

"Hapa tu. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona."

Alikuwa akiitazama ile miguu kama mtu anavyotazama chungu cha uji mchana wa Ramadhani. Warda alijitahidi, akaongeza soksi hapa, akatia sponji pale. Mama wa Shimoni akarudi alivyokuja.

Jioni Alfani alikaa kwenye kizingiti changu. Nilimwita mtumwa, hakujibu. Nikamwita jina lake.

"Nimechoka, Bi Mishi," akasema.

"Na nini, mwanangu? Hata kazi hufanyi."

"Na kuthibitisha. Kila mara nathibitisha mimi ni nani, nimetoka wapi, najua nini. Nikimaliza nathibitisha tena. Safari hii wakiniuliza, hata mimi sina hakika."

Tsofa naye alikuwa haonekani. Nikamfuata kwake. Alikuwa amejifunika shuka kichwani mchana kweupe.

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Utakwenda Mombasa kusema ukweli."

"Ukweli gani? Mimi sikusema uongo. Nilitania."

"Kamwambie hivyo afisa."

"Na wewe twende, mtani mwenzangu. Wewe ulicheka."

"Nilikuwa nimebanwa na mhogo."

Lakini nilikwenda. Tulikwenda wanne, Warda, Alfani, Tsofa na mimi, tukavuka feri, tukakaa kwenye viti vya chuma vya ofisi ile mpaka makalio yakasahau yalikuwa ya nani. Mbele yetu kulikuwa na daktari wa Kiganda, mwalimu kutoka Burundi, na mhasibu sijui wa wapi, kila mmoja na bahasha yake amekumbatia kifuani. Wote walikaa wima. Nilidhani watu waliosoma hawachoki. Kumbe wanachoka, ila wanachoka wamenyooka.

Ofisi ya Mwongeli ilikuwa juu ya ngazi. Alitupa viti. Safari hii Tsofa alijipinda kwa adabu, mkono kifuani. Akaanza kueleza utani, tangu mababu, tangu misiba, kuku na mbuzi na matusi. Alieleza vizuri, lazima niseme. Afisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hata kwetu tuna mizaha," akasema. "Lakini mbele ya serikali hatuifanyi."

"Kwani serikali haina mtani?"

"Haina."

"Masikini," Tsofa akasema, na alimaanisha.

Afisa akajikaza, nikaona mdomo wake unapigana na kicheko. Kisha uso ukarudi pale pale.

"Sasa nisaidie, mzee. Ukisema ulimdanganya afisa kazini, ni kosa. Ukisema ulisema kweli, huyu hawezi kukaa. Nikuandike vipi?"

Tsofa akanyamaza. Nimemjua mtu huyo tangu hana ndevu, na sikuwahi kumwona akinyamaza. "Niandike mjinga," akasema mwishowe.

"Hapana mahali pa kuandika hivyo."

"Ofisi kubwa kama hii?"

Afisa akamtazama miguu. "Hizi ngazi umepanda na mguu huo?"

"Nimepanda."

"Uliouchonga kwa panga?"

Tsofa akatazama sakafu. "Kwa panga, hapana."

"Na nani basi?"

Akamwonyesha Alfani kwa kidevu. Afisa akaandika mstari mmoja. "La kazi limekwisha," akasema. "Vyeti vyake tulishavihakiki, sivyo vilivyonisumbua. Na wewe, dada Warda, la mtumwa nitalifunga, nimeona mtumwa amekuja na miguu yake. Lakini limebaki moja, na hili halikusemwa na mzee peke yake. Bwana Alfani, ulisema kwa kinywa chako kwamba huna kwenu. Kibali hiki msingi wake ni kwamba wewe ni mtu wa pale, umekuja hapa kwa muda, kazi ikiisha unarudi. Kama huna pa kurudi, hiyo ni njia nyingine, na si ya meza hii. Una kwenu?"

"Ninako."

"Kuna nani?"

"Mama."

"Mpigie."

Alfani akaitoa simu kama mtu anayetoa jino. Aliiweka mezani, sauti ikafunguliwa sote tusikie. Ililia sana. Halafu ikapokelewa, tukasikia kwanza jogoo, kisha mama.

"Alfani? Mbona saa hizi?"

"Mama, shikamoo. Naitwa Mwongeli, afisa wa uhamiaji, Kenya," akasema afisa. Tsofa akanigusa kiwiko: kumbe shikamoo anayo.

Mama akauliza, sauti imeshuka kabisa, "Amekufa?"

"Hapana, mama! Yuko hapa, mzima."

"Sasa kama mzima, serikali inanipigia ya nini?"

"Nataka kujua tu. Ana nyumba hapo kwenu?"

"Ana chumba. Nakifagia kila Ijumaa. Panya nimewatoa, popo wamenishinda."

"Na atarudi?"

Jogoo akawika tena. "Mwanangu," mama akasema, "hilo muulize yeye. Mimi nilikuwa namuuliza, nikaacha. Naona namuonea."

Afisa hakuandika. Alimgeukia Alfani, kalamu imesimama hewani. "Bwana Alfani. Utarudi?"

Lilikuwa neno moja tu la ofisi. Alishalisema mara ngapi kwenye karatasi, na halikumuuma. Lakini sasa mama alikuwa anasikiliza, na jogoo, na sisi. Akaiinamia simu.

"Nitarudi, mama," akasema. Akamjibu yeye, hakumjibu afisa.

"Alhamdulillahi," ikasema simu.

Afisa akaandika. Kibali kilitoka kabla mwezi haujaandama, miaka miwili mingine. Mama wa Shimoni akaitwa arudi, mguu ukalegezwa. Kijana wa mashuka akatolewa matambara. Tupa ikaanza tena kuimba dirishani kwa Warda, na mimi nikaanza tena kumuuza Alfani kila asubuhi, bei nikaipandisha kidogo. Tulidhani tumemaliza.

Kisha siku moja adhuhuri nikasikia hodi. Kufungua, namwona bibi mwembamba, mdogo kuliko mimi kwa kimo na mkubwa kwa vumbi, ameshika kikapu. Ndani ya kikapu hamkuwa na chochote ila kanga moja na kamba. Kamba mpya, ya katani, imeviringwa vizuri.

"Mimi ni Biasha, mamake Alfani," akasema. "Nimekuja kumchukua. Alisema anarudi, nikaona peke yake hatoweza kufunga mizigo."

Nilimkaribisha, nikampa maji, nikampa wali. Alitaka aone chumba kwanza. Akalitazama begi kwenye msumari, akatikisa kichwa kwa furaha. Akaligusa godoro, nailoni ikalia kwaru. Uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe tangu zamani alikuwa tayari," akasema. "Hata godoro hakulifungua. Na mimi nilimdhania vibaya."

Mimi, mama wa maneno, nikaenda kumwongezea maji. Ningemwambia nini?

Alfani alirudi jioni na plasta kwenye nywele. Alimwona mama kwenye mkeka, akapiga magoti, akambusu mikono. Halafu akaiona kamba.

"Mama," akasema, "nimepewa miaka miwili."

"Nani amekupa?"

"Serikali. Ya hapa."

"Miaka miwili ya nani? Yangu?" Hakupaza sauti. "Maana mimi sina mingi, na sikumbuki kumpa mtu."

"Kibali kile, mama, sikukipata mpaka niseme nitarudi."

"Nilikusikia. Ulisema nitarudi. Hukusema lini, na mimi mjinga sikuuliza, nikapanda gari."

Tsofa alikuwa amekuja kumsalimia mgeni, akaona mambo mazito, akajaribu kuyafukuza kwa njia anayoijua. "Mzigua wewe," akamwambia Bi Biasha, "umekuja kuiba mtumwa wangu?"

Bi Biasha akamgeukia pole pole. "Ndiwe uliyesema mwanangu hana kwao?"

"Ndimi, bwana wako."

"Lete hiyo fimbo."

Tsofa alikuwa na fimbo ya mkwaju, aliirithi kwa babake, hata kuoga anaoga nayo. Lakini mtani akitaka kitu hukanushi. Akaitoa. Bi Biasha akaipokea, akaipima uzito, akailaza kikapuni palipokuwa na kamba.

"Hii inakwenda Pangani," akasema. "Itarudishwa na Alfani akisharudi kwetu kukaa. Mpaka siku hiyo, mtani wangu, utembee na mguu aliokuchongea. Na umuombee afya, maana akifa huku fimbo naitia jikoni."

Tulicheka, hata Alfani. Lakini kilikuwa kicheko cha watu waliofanya kazi kutwa, kifupi.

Bi Biasha alilala siku tatu. Usiku wa kwanza nilisikia nailoni ikilia, nikajua si mwana anayejigeuza, ni mama, maana Alfani alilala chini kwenye mkeka. Usiku wa pili nikasikia krraaa, kitu kinachanika kirefu, halafu kimya. Asubuhi nailoni ilikuwa uani, imekunjwa vizuri, imefungwa fundo.

"Usiku kucha nalala juu ya nini, Bi Mishi?" mama akaniuliza. "Mtu hawezi kulala hivyo miaka miwili mingine. Nikaona kama anakaa, na akae."

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka barabarani. Aliingia garini na kikapu chake, fimbo ya Tsofa inachungulia nje kama shingo ya bata. Kamba hakuichukua. Alimkabidhi Alfani mkononi. "Hii nakuachia," akasema. "Kazi yake unaijua."

Kamba iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Begi amelishusha, mashati ameyatundika, na kabati la mtumba nimempatia kwa fundi mmoja Ukunda. Tsofa anatembea bila fimbo, anajikwaa, anatukana Pangani nzima, na kila Ijumaa humuuliza Alfani, "Mtumwa wangu, lini?" Alfani hujibu, "Bado, bwana wangu," na mara hii sidhani kama ni utani.

Asubuhi yuko benchini, tupa mkononi, mabega yameinama vile vile. Watu wanakuja na miguu yao. Sijui atakwenda lini. Zamani ningejua, kwa kusikiliza ukutani nani halali na nani anajigeuza. Sasa godoro halina nailoni, na usiku hakusikiki kitu.